Kuondolewa si Kutupwa: Neno kwa Vyuo vya Sheria vya Kanisa

Mwaka 2019, maharage yakiwa katika kupaliliwa, mzee mwenzangu wa hapa Karatu alinijia jioni na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kurasa sita za uamuzi wa Mahakama Kuu kuhusu ekari tatu za shamba aliloachiwa na baba yake. Alikuwa ameshindwa barazani, akakata rufani, na sasa jibu limekuja kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza nakisoma, ila Kiingereza cha mahakama ni nyumba nyingine yenye milango yake, na sikutaka kumwongoza mzee gizani. Nikamwita kijana niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, ambaye alikuwa amehitimu shahada ya sheria katika chuo kimoja cha Kanisa Katoliki nchini. Chuo sitakitaja, kwa kuwa hili ninalolilalamikia halikuanzia hapo wala haliishii hapo.

Kijana alimwamkia mzee, akakaa, akasoma kurasa zote sita kimya kama asomaye barua ya msiba. Kisha akasema, "Babu, pole. Rufani yako imetupwa."

Mzee aliikunja karatasi, akairudisha katika bahasha, akashukuru, akaenda zake. Msimu uliofuata jirani yake alilima ekari zote tatu.

Ilipita miaka miwili hadi wakili mmoja, aliyefika kijijini kwa shughuli za harusi, akaombwa aitazame ile bahasha. Akauliza kwa nini mzee hakurudi mahakamani. Rufani ile haikutupwa, alisema. Iliondolewa. Iliwasilishwa pasipo nakala ya hati iliyotakiwa kuambatishwa, basi mahakama ikaiondoa katika orodha bila kugusa kiini cha ugomvi. Mzee alikuwa na haki ya kurekebisha kasoro na kurudi. Kwa kuwa siku 45 za kukata rufani zilikuwa zimekwisha, angepaswa kwanza kuomba kuongezewa muda, na mwenye kuomba muda hutakiwa aeleze sababu ya kuchelewa kwa kila siku iliyopita. Mzee angeeleza nini? Kwamba kijana msomi alimwambia imetupwa?

Nilimwita yule kijana nikiwa na hasira, na hasira yangu ikanyauka pale pale. Kumbe alikuwa anajua! Alinisomea kwa kichwa, kwa Kiingereza safi, shauri la mwaka 1959 la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo dhidi ya Alimahomed Osman, ambamo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitenganisha rufani iliyoondolewa kwa kuwa haikufunguliwa ipasavyo na rufani iliyotupwa baada ya kusikilizwa na kukosa mashiko. Alifundishwa tofauti hiyo mwaka wa pili, akaulizwa katika mtihani, akapata alama nzuri. Nikamwuliza, sasa kwa nini ulimwambia mzee imetupwa? Akanitazama kwa uso wa mtu asiye na hatia. "Mwalimu, kwa Kiswahili si zote zimetupwa tu?"

Malenga wenzangu, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kijana huyu aliijua sheria, na Kiswahili alikijua, maana mimi ndiye niliyemfundisha, naye alikuwa akipata alama za juu. Kilichokosekana ni daraja la kuvukia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hakuna aliyewahi kumwambia, tangu siku ya kwanza chuoni hadi siku ya joho, kwamba ipo siku atatakiwa kuisema sheria mbele ya mtu.

Najua kwamba vyuo vyote vya sheria Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, vya serikali na vya dini. Kwa nini basi nawashika Wakatoliki peke yao? Ni kwa sababu wao ndio wasio na kisingizio. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, kilichochipuka kutoka kituo cha mafunzo cha Nyegezi alichokianzisha Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960, na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha kule Iringa, vyote vina sheria katika mafunzo yao, na vyote ni mali ya Kanisa ambalo limekwisha kuuvuka mto huu huu. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa konstitusio yake kuhusu liturujia, ukafungua mlango kwa lugha za watu. Kabla ya hapo padri alisoma misa kwa Kilatini, na waumini wa Jimbo la Mbulu, ambalo Karatu yetu imo ndani yake, waliitikia maneno wasiyoyajua maana. Walikuwako waliosema kwamba misa kwa Kiswahili itapoteza uzito, kwamba Kiswahili hakina istilahi za teolojia, kwamba padri wa Tanganyika na padri wa Ufaransa hawatasikizana tena. Hoja hizo mnazitambua? Ndizo hizo hizo zinazotolewa leo katika vikao vya vitivo vya sheria. Kanisa halikuzisikiliza, na halikubomoka. Mama aliyeketi kwenye benchi la nyuma akaanza kujua analoliitikia.

Cha kuchekesha, kama kucheka kunafaa hapa, Kilatini kilichoondoka altareni kimepata hifadhi katika darasa la sheria. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukariri *locus standi*, *res judicata* na *mens rea* kama mtumishi wa altare wa mwaka 1950, na hukariri kwa fahari ile ile. Mwulize yeyote kati yao namna ya kumweleza mfugaji wa Endulen kwamba hana haki ya kusimama mahakamani katika jambo fulani, uone atakavyotafuta maneno.

Nitajibiwa kwamba sheria yetu ni ya Kiingereza kwa asili, vitabu ni vya Kiingereza, na maamuzi ya miaka mia yamo humo. Kweli. Hata Injili kwa asili yake ni ya Kigiriki.

Tazameni nchi ilipofika. Mahakama za mwanzo zimeendesha kazi zake kwa Kiswahili tangu zamani, na huko ndiko wengi wa wananchi wetu wanakoionja sheria. Juu yake ndiko kulikokuwa na ngazi ya Kiingereza: ushahidi unatolewa kwa Kiswahili, hakimu anauandika kwa Kiingereza, hukumu inasomwa kwa Kiingereza, na mwenye shauri anauliza karani nje ya mlango, "Nimeshinda?" Kisha Jaji Zephrine Galeba, akiwa Musoma, akaandika uamuzi wa Mahakama Kuu kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa North Mara. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimsifu hadharani Dodoma na kumteua kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge likapitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Sheria hiyo iliacha mlango wa Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji, na mlango huo, kama ijulikanavyo kwa milango ya aina hiyo, umegeuka kuwa njia kuu. Hata hivyo kanuni imesimama: lugha ya mahakama za Tanzania ni Kiswahili.

Basi tangu 2021 chuo cha sheria kinachofundisha kwa Kiingereza peke yake kinamwandaa mwanafunzi kwa mahakama ambayo kisheria haipo tena. Ni kama chuo cha ualimu kinachomfundisha mkufunzi kuandika kwa chaki katika shule ambayo imekwisha kuondoa ubao. Nimekaa katika chuo cha ualimu na nimekaa darasani. Najua kwamba asichofanyia mazoezi mwanafunzi chuoni hatakuja kukifanya kazini, hata umtumie nyaraka mia.

Mwaka 2022 taifa zima lilishtuka matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalipotoka. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wa kurudia mitihani 342, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mjadala ulipoanza mitaani na magazetini, wengi walishika jambo moja: wanafunzi wetu hawajui Kiingereza, basi waongezewe Kiingereza. Mimi nilisahihisha mitihani kwa miaka mingi, na huwa najiuliza swali ambalo kila msahihishaji mwaminifu hujiuliza: nimepima nini hapa? Mtihani wa sheria ukifanywa kwa lugha ambayo mtahiniwa anaihangaikia, msahihishaji hawezi kujua kama aliyeanguka alianguka katika sheria au katika lugha. Na ubaya wake wa pili hautajwi kamwe: msahihishaji huyo hawezi pia kujua kama aliyefaulu ataweza kumsaidia mtu. Yule kijana wangu wa Ngoni-Matengo alifaulu.

Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Atakayesema hivyo hajui kazi ya sheria. Wakili asiyesoma Kiingereza hatalifungua shauri la 1959, wala hatasimama katika Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, ambako mashauri huendeshwa kwa Kiingereza. Huko ndiko vijiji vinne vya Loliondo, Ololosokwan kikiongoza, vilikopeleka madai yao dhidi ya Serikali mwaka 2017. Vikashindwa Septemba 2022. Novemba 2023 kitengo cha rufani kikaitengua hukumu hiyo. Shauri la namna hiyo linahitaji Kiingereza kilichonolewa. Ninachodai ni kwamba mwanasheria ajue pande zote mbili za mto, na kuvuka kwenyewe kufundishwe kama somo lenye mtihani wake, wala kusiachwe kwa bahati na kipaji cha mtu.

Nimeitaja Loliondo, sasa niende Ngorongoro yenyewe, maana hapo ndipo hoja yangu ina uzito ambao nafsi yangu haiwezi kuubeba kwa utulivu. Mwaka 1958 wazee kumi na wawili wa Kimaasai walitia saini hati ya kukubali kuiachia Serengeti ya magharibi. Mwaka uliofuata ukaja mgawanyo wa hifadhi na sheria iliyounda eneo la Ngorongoro, ambako watu na mifugo wangeishi pamoja na wanyamapori. Yote yaliyofuata, katazo la kilimo la mwaka 1975, ruhusa ya muda ya mwaka 1992, kuhamia Msomera kuanzia 2022, na malumbano yaliyoingia mahakamani kila mara, yana mzizi wake katika karatasi ile. Nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Wazee wale walipima maneno kwa masikio, kama mababu zao walivyopima; karatasi ilipima kwa wino. Tangu hapo pande mbili zimekuwa zikibishana kuhusu nini kiliahidiwa, na kila upande una kumbukumbu yake katika lugha yake.

Nisieleweke vibaya. Nani mwenye haki Ngorongoro ni suala la majaji, na wasomaji wa ukurasa huu mna misimamo yenu. Hoja yangu ni ya mwalimu wa lugha. Hati ile ya 1958 ingepaswa kuwa somo la kwanza la kila mwanafunzi wa sheria katika chuo cha Kanisa. Apewe hati, aambiwe aifasiri kwa Kiswahili, kisha aketi na mwanafunzi mwenzake anayejua Kimaa waone ni maneno mangapi yanagoma kuvuka. Neno "haki" litavuka vipi? Neno "kuachia", je, ni kuondoka au ni kukopesha? Ataondoka darasani akijua kwamba sheria ni maneno, na kwamba aliyenyimwa maneno amenyimwa sheria kabla hajafika mbele ya hakimu.

Na hapa lazima nijikosoe kabla hamjanikosoa. Kiswahili nacho kinaweza kuwa ukuta. Bibi wa Kimaasai wa Nainokanoka, Mhadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi kule Mang'ola, mzee wa Kiiraqw ambaye shule ilimpita kando: wote hawa ukiwasomea hukumu kwa Kiswahili cha Dodoma watakutazama kama alivyonitazama mzee wangu na bahasha yake. Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna tabia ya kusahau kwamba lugha yetu tukufu, kwa jirani zetu hawa, ni lugha ya pili au ya tatu, na mara nyingine ni lugha ya mgambo. Kukiweka Kiswahili mahali pa Kiingereza bila kufundisha namna ya kumweleza mtu ni kubadilisha kufuli na kuuacha mlango umefungwa. Ndiyo maana nasema kuvuka ndiko kunakotakiwa kufundishwa. Mwanafunzi aliyejizoeza kulitoa wazo la kisheria katika Kiingereza na kuliweka katika Kiswahili chepesi atajua pia namna ya kufanya kazi na mkalimani wa Kimaa au Kiiraqw: atakata sentensi fupi, atauliza kama imeeleweka, hatamwaga aya nzima na kutazama saa.

Sasa niwageukie ninyi malenga, maana lawama zote nisiziangushe Nyegezi na Iringa.

Kila tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani. Tunatunga, tunaghani, tunapeana pongezi. Tumegombana miaka na miaka kuhusu kompyuta na tarakilishi. Lakini niambieni, katika ukurasa wowote wa ushairi mliousoma mwaka huu, ni nani aliyezungumzia tofauti ya kuondolewa na kutupwa? Nani aliyeuliza kwa nini mahakama moja husema "tuzo" na nyingine "dikrii" kwa kitu kile kile, wakati mwananchi asikiapo "tuzo" hufikiri amepewa zawadi? Tumewaachia kazi wafasiri wa ofisini, nao, maskini, wanafasiri neno kwa neno chini ya shinikizo la muda. Matokeo yake ni sheria za Kiswahili zilizojaa "bila ya kuathiri ujumla wa masharti yaliyotangulia", sentensi yenye vishazi kumi na vitano na kitenzi kikuu kimejificha mwishoni kama nyoka katika majani. Hicho si Kiswahili. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Haikuwa hivi siku zote. Mathias Mnyampala, ambaye wengi wenu mnamjua kwa ngonjera, alikuwa Mkatoliki, alikuwa hakimu, na alikuwa mshairi, yote matatu katika kifua kimoja. Mtu aliyeketi kusikiliza mashauri ya watu ndiye aliyetunga Utenzi wa Injili Takatifu. Sidhani kwamba kalamu yake ilikuwa na vyumba viwili. Na Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye uwanja wa mpira wa Arusha unabeba jina lake na vijana wanaoingia humo hawajui ni nani, aliandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, kisha mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Nchi hii ilianza safari yake na mshairi katika wizara ya sheria! Mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, A. B. Weston, mgeni, aliona haja ya kutoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili mwaka 1968, miaka saba tu baada ya kitivo kuanza na wanafunzi kumi na wanne. Mgeni alianza, wenyeji tukaliweka jambo kwenye rafu.

Kuna atakayesema kwamba ushairi ni burudani na sheria ni kazi. Baada ya mazungumzo yetu nilimpa yule kijana ubeti mmoja akaukariri, kama nilivyokuwa nikifanya na wanafunzi waliosahau ngeli. Si ubeti wa kujivunia, ni wa ubaoni:

Shauri limeondoka, halijafa lingalipo,
Mlango wa kurudika, u wazi ukenda papo,
Lililotupwa hakika, halina tena kiapo,
Mwanasheria wa kweli, hutenga hili na hilo.

Aliusema mara tatu, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, ningekuwa na huu mwaka ule." Sikumjibu. Mizani zilitimia lakini shamba lilikuwa limekwisha kulimwa na mwingine.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikulirekebisha jambo mwenyewe jioni ile, mimi niliyekuwa nimeketi pale na Kiingereza changu. Swali ni la haki. Nilimwachia msomi kwa kuwa alikuwa na cheti, na mimi sikuwa nacho. Nilisikia "imetupwa", nikaamini. Kiswahili chenyewe hakikunishtua, mimi niliyekifundisha maisha yangu yote, kwa sababu nami sikuwa na habari kwamba kuna maneno mawili. Tangu siku hiyo sijapata kuketi kwa raha na mzee yule, ingawa yeye hunipokea kama zamani na kunipa chai.

Ninachoviomba vyuo vya sheria vya Kanisa si kikubwa. Kila mwanafunzi, kabla ya kuhitimu, apewe uamuzi halisi wa mahakama ulioandikwa kwa Kiingereza, auandike kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, kisha ausome kwa sauti mbele ya mtu mzima asiyekuwa mwanasheria. Mtu huyo aulizwe: umeambiwa nini, na unaweza kufanya nini sasa? Akikosea, mwanafunzi arudie, kama anavyorudia somo la mikataba. Wahadhiri wa sheria na walimu wa Kiswahili wa vyuo hivyo, ambao najua hula chakula katika bwalo moja, waketi pamoja waafikiane istilahi, na orodha hiyo itolewe bure. Na kwa kuwa tangu mwaka 2017 tuna sheria ya msaada wa kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria vijijini, wanafunzi wa mwaka wa mwisho waletwe huku, Karatu, Endulen, Mang'ola, wiki kadhaa wakae chini ya miti na wasaidizi hao. Parokia zipo, nyumba za kulala wageni za masista zipo, makatekista wanaojua kila kitongoji na kila lugha wapo. Ni chuo gani cha serikali chenye mtandao wa namna hiyo? Katekista wa kigango amekuwa akiieleza sheria ngumu kuliko zote kwa Kiiraqw na Kimaa, naye hana hata kitambulisho cha chuo.

Nanyi washairi, kazi yenu ni kuletea ukurasa huu maneno. Kila mwenye jamaa hakimu, karani au wakili amwulize ni neno gani la mahakama linalowapotosha watu wa kwao. Tuyakusanye, tuyabishanie hapa kama tunavyobishania vina. Nimeanza na mawili. Najua yapo mia.

Haya yote nimeyaandika pia kama barua na kuituma kwa mkuu wa kitivo cha chuo alichosoma kijana wangu, nikiambatisha ubeti. Barua ni ya Kiswahili. Wakinijibu kwa Kiingereza, nitamwita kijana aje anisomee.